Mwenza Mpya wa Bwana Madoa

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesimama akae. Aliyelala aamke. Mwenye kunde za kuchambua aendelee kuchambua, maana mikono haina kazi hapa, kazi ni ya masikio.

Siwema alikuwa anatwanga mpunga. Mchi ulikuwa juu, haujashuka, pale Mosi, binti yake mkubwa, alipoingia uani mbio na ndoo isiyo na maji.

"Mama, Bibi Madoa ameliwa."

Siwema akashusha mchi. Akatwanga mara moja, mara mbili, mara tatu, ndipo akauliza.

"Ameliwa na nani?"

"Sikumwona. Kisimani yamebaki manyoya tu. Na miguu yake miwili imewekwa juu ya jiwe, imepangwa sawasawa kama viatu vya mtu aliyeingia msikitini."

"Nyayo je?"

"Zipo. Vidole vinatazama nyuma."

"Basi ni Zimwi la matete," akasema Siwema, akauegemeza mchi ukutani.

Huyo Bibi Madoa hakuwa mtu. Siwema alifuga kanga wawili, dume na jike. Dume aliitwa Bwana Madoa, jike Bibi Madoa. Kila siku jua likizama, dume hupanda juu ya paa la ghala akaita, "Nani yupo? Nani yupo?" Na jike humjibu kutoka chini, "Sisi tupo. Sisi tupo."

Kijiji chao cha Mtopeni kilikuwa kando ya bonde la mpunga, na mwisho wa bonde yalikuwepo matete marefu kuliko nyumba. Ndani ya matete hayo liliishi Zimwi. Lilikula watu, lakini lilikuwa na mwiko wake. Nyumba ambayo ndege wake huita na kuitikiwa, Zimwi halivuki uzio wake. Nyumba ambayo ndege wake ameita jioni tatu asiitikiwe, nyumba hiyo ni ya Zimwi, na vilivyomo ni vyake. Ndiyo maana Mtopeni hapakuwa na nyumba isiyofuga kanga wawili.

Siwema akaenda kisimani. Akayaokota manyoya yote, akaichukua na ile miguu, akavizika chini ya mgomba. Hakulia. Alikuwa na mpunga wa kumaliza. Alisema neno moja tu.

"Aliyemnyonyoa ndege wangu, nami nitamnyonyoa."

Mumewe, Kibwana, alikuwa mlangoni anasokota kamba za katani, maana ndiyo kazi iliyowalisha.

"Mama Mosi," akasema, "usijichoshe. Ni ndege tu."

"Ndege tu ndiye aliyekufanya ukalala usingizi miaka kumi na miwili, Baba Mosi. Leo utalala?"

Kibwana akafikiri. Akaendelea kusokota.

Basi jua likazama. Bwana Madoa akapanda juu ya paa la ghala, akaita.

"Nani yupo? Nani yupo?"

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Akainamisha kichwa upande, akasikiliza, akaita mara ya tatu kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu. Siwema ikamshinda. Akaitika mwenyewe.

"Sisi tupo. Sisi tupo."

Matete yakacheka.

"Siwema we," likasema Zimwi, "hiyo ni sauti ya mtu. Mtu simwogopi, mtu namla. Hii ni jioni ya kwanza. Ya tatu nitaingia ndani, na nitaanza na yule mdogo wenu mwenye maneno mengi."

Huyo mdogo ndiye Chiriku, kitinda mimba, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakunyamaza hata alipokuwa anatafuna. Jioni ile alishika nguo ya mama yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

Siwema akauliza, "Bibi Madoa alikuwa mtamu?"

"Mtamu sana."

"Vizuri. Ukumbuke utamu huo."

Kulipokucha Bwana Madoa hakushuka ghalani. Mosi alimtupia mtama, akautazama. Alimtupia mchwa, akawatazama. Mwaka, mtoto wa kati, alipanda akamwekea maji karibu na mdomo, akageuka upande mwingine.

"Huyu atakufa," akasema Mwaka.

"Hafi," akasema Siwema. "Sijampa ruhusa." Akajifunga nguo kiunoni, akatoka kwenda kumtafutia mwenza.

Akaenda nyumba ya kwanza, kwa Bi Kidawa.

"Shoga yangu, ninao wawili tu," akasema Bi Kidawa. "Nikikupa jike, jioni dume langu litamwita nani? Mimi pia nina watoto."

Siwema hakumlaumu. Akaenda nyumba ya pili, kwa Mzee Mbaruku.

"Mpe kioo," akasema Mzee Mbaruku. "Ndege akijiona kiooni hudhani wako wawili."

"Na kioo kitaitika, babu?"

Mzee Mbaruku akajikuna kidevu. "Hilo la kuitika silijui. Mimi nimesema habari ya kuona."

Akaenda nyumba ya tatu, mwisho kabisa wa kijiji, kwa mjane mmoja aitwaye Bi Tausi.

"Ninaye wa ziada mmoja," akasema Bi Tausi, "lakini nisikufiche. Shingo yake haikuota manyoya, na sauti yake ni kama mlango wa ghala. Nilikuwa namngojea Ijumaa nimtie chungu."

"Anaitika?"

"Hajawahi kuitwa."

Siwema akamtazama yule ndege. Shingo tupu, mguu mmoja mnene kuliko mwenzake, jicho kavu. Yule ndege naye akamtazama Siwema, hakukwepa.

"Nipe," akasema Siwema.

Sasa watu wa Mtopeni wana desturi yao. Kuku, bata au kanga akiletwa mgeni nyumbani, hatupwi tu uani. Hubebwa akazungushwa mafiga ya jiko la uani mara tatu, na kila mzunguko huambiwa, "Hapa ndipo kwenu." Halafu hufungwa mguu kwenye figa kwa siku tatu. Aliyezungushwa na kufungwa hivyo hubaki vilevile alivyofungwa, wala hatoki, mpaka mkono uliomfunga umfungue.

Siwema akamzungusha yule ndege mara tatu, akamfunga. Chiriku akampa jina papo hapo, Kishingo.

Bwana Madoa akaletwa amwone. Akamwona. Akampa mgongo.

Jioni akapanda ghalani akaita, "Nani yupo? Nani yupo?" Kishingo akainua shingo yake tupu, akamtazama, akanyamaza. Akaitwa mara ya pili, akanyamaza. Akaitwa mara ya tatu, akafungua mdomo, lakini hakikutoka kitu.

Safari hii cheko halikutoka matetani. Lilitoka nyuma ya uzio.

"Ya pili," likasema Zimwi. Na vidole vikapita kwenye matundu ya uzio, virefu kama mihogo, vikapapasapapasa, vikarudi.

Kibwana akasema watoto wapelekwe kwa bibi yao ng'ambo ya mto. Siwema akamwambia, "Njia ya mtoni inapita wapi?" Kibwana akakumbuka kwamba inapita matetani, akarudi kwenye kamba zake.

Siku ya tatu asubuhi Siwema alikuwa anapepeta, uso umemvimba kwa kukosa usingizi, Chiriku akamvuta nguo.

"Mama, mama, Bibi Madoa amerudi. Yuko langoni. Ana miguu yote. Nimemhesabu."

Siwema akaweka ungo chini, akaenda langoni. Akamkuta Bibi Madoa amesimama nje ya uzio. Doa kwa doa. Ile pembe kichwani iliyovunjika ncha, imevunjika palepale. Yule ndege alipomwona Siwema akafungua mdomo, na sauti ikatoka, sauti yenyewe hasa.

"Sisi tupo. Sisi tupo."

Bwana Madoa aliposikia alianguka kutoka juu ya ghala, hakuruka, alianguka, akakimbilia lango huku mabawa yanaburura vumbi. Siwema akamdaka, akamfunika kwa tenga. Bwana Madoa akajipigapiga ndani ya tenga mpaka manyoya yakatoka.

"Alhamdulillahi," akasema Kibwana. "Mke wangu, mambo yamekwisha. Yule mwenye shingo tupu tumtie chungu leo."

"Ngoja," akasema Siwema. "Katoka safari, ana kiu."

Akachota maji kwenye bakuli la udongo, akamwekea yule ndege palepale nje ya lango.

Watoto, mmewahi kumwona kuku akinywa maji? Huchota tone, akainua kichwa juu, tone likateremka. Huchota tena, akainua tena. Na kanga ni vivyo hivyo. Anayeinama akanywa moja kwa moja ni ng'ombe, na mbwa, na mtu akiwa mtoni.

Yule ndege akaingiza mdomo ndani ya bakuli, akanywa. Hakuinua kichwa. Akanywa, hakuinua kichwa. Akanywa mpaka bakuli likakauka, kichwa hakijainuka.

Siwema akaona. Moyo ukamruka, halafu ukatulia ukawa baridi kama jiwe la kisimani. Hakupiga kelele, wala hakumtazama mumewe. Akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Tumekungoja sana. Ila unajua desturi yetu, aliyetoka nje siku tatu ni mgeni tena. Itabidi tukuzungushe na kukufunga. Baba Mosi, lete kamba."

"Kamba ipi?"

"Ile ya fahali."

Kibwana akacheka. "Kanga mmoja, kamba ya fahali?"

"Umesikia nilichosema au nirudie?"

Kibwana akaileta. Yule ndege akaitazama kamba ile, naye akacheka kidogo kooni. Na ndege hacheki.

Siwema akainama, akambeba. Mzunguko wa kwanza alikuwa mzito kama gunia la mpunga uliolowa. "Hapa ndipo kwenu," akasema. "Sisi tupo," akaitika yule ndege. Mzunguko wa pili akawa mzito kama mwana-mbuzi. "Hapa ndipo kwenu." "Sisi tupo." Mzunguko wa tatu akawa na uzito wa kanga, si zaidi. "Hapa ndipo kwenu." Hapo sauti ikasita, maana mwenyewe aliusikia uzito wake ukimtoka. Lakini Siwema alikwisha kumfunga mguu kwenye figa jingine, si lile la Kishingo, kwa mafundo matatu.

Akaketi kwenye kigoda. Akakunja mikono ya nguo yake.

"Mosi, funga lango. Mwaka, niletee beseni. Chiriku, njoo ukae hapa nikuone."

"Siwema," akasema yule ndege, na sasa sauti ilikuwa ya Zimwi, nene, imebanwa ndani ya kifua kidogo. "Siwema, nifungue."

Kibwana akaangusha kisu alichokuwa amekiandaa kwa Kishingo. Chiriku akapanda juu ya mtungi.

Zimwi likajivimbisha. Manyoya yakasimama, mabawa yakatanuka, macho yakawa mekundu, lakini mwili ukabaki ule ule wa kanga. Likavuta kamba. Ilikuwa kamba ya Kibwana, na lolote utakalosema juu ya Kibwana, kamba zake hazikatiki.

"Nilidhani kufungwa ni mchezo wenu wa kuku," likasema Zimwi.

"Ni wa kuku," akasema Siwema. "Nawe ulitaka kuwa kuku."

Akashika unyoya wa kwanza.

"Mama," akauliza Mosi, "nichemshe maji? Manyoya yatoke vizuri."

"Maji ya moto hulainisha. Mimi sitaki kumlainishia."

Akang'oa. Zimwi likapiga ukelele uliowanyamazisha vyura wa bonde zima.

"Huu ni wa Bibi Madoa," akasema Siwema. Akashika mwingine. "Huu ni wa Bwana Madoa, siku ya tatu hajala." Akashika mwingine. "Na huu ni wangu, siku ya tatu sijalala."

"Kwa nini hukungoja jioni?" akauliza Siwema huku mikono inafanya kazi. "Ilikuwa imebaki jioni moja."

"Nilimwona yule wa shingo tupu amefungua mdomo. Niliogopa ataitika. Nikasema niwahi, niingie mchana nibebwe na mwenye nyumba."

"Ahsante kwa kuniambia. Nilikuwa sijui kama anafaa."

Akang'oa, akang'oa, akang'oa. Beseni likajaa hadi katikati. Zimwi likabadilisha maneno.

"Siwema, nisikilize. Ninaye tumboni. Nifungue, nitamtapika Bibi Madoa mzima, na madoa yake, mbele ya macho yako."

Mkono wa Siwema ukasimama hewani. Ndani ya tenga Bwana Madoa alikuwa ametulia kimya, amebana jicho kwenye tundu. Siwema akalitazama lile jicho. Kwa muda kidogo tu akayataka maneno yale yawe kweli.

"Utamtapika na miguu?" akauliza.

Zimwi likasita. "Na miguu yote."

"Miguu yake uliiacha juu ya jiwe. Nimeizika mwenyewe."

Akaendelea kunyonyoa. Hakuharakisha. Alianza na mabawa, akaja kifuani, akaja mgongoni, akamalizia shingoni, mpaka Zimwi likabaki tupu kabisa, ngozi ya kijivu yenye vinundu, linatetemeka kwenye jua la asubuhi. Hapo ndipo Siwema akafunua tenga.

Bwana Madoa akatoka taratibu. Zimwi likamwona, likalainisha koo, likaita kwa ile sauti, ile yenyewe.

"Sisi tupo. Sisi tupo."

Bwana Madoa akasimama. Akasogea hatua moja. Akasogea ya pili. Akafika karibu, akainamisha kichwa upande kama anavyofanya akisikiliza. Kibwana akataka kumzuia, Siwema akamshika mkono.

Bwana Madoa akadonoa mara moja, jicho la kulia. Akadonoa mara ya pili, jicho la kushoto. Halafu akarudi nyuma, akajikung'uta.

"Nina ndugu sita matetani," likasema Zimwi. "Jioni hii watasikiliza. Wasiposikia jibu, watakuja wote sita."

"Na wasikilize," akasema Siwema, akachukua kisu alichoangusha mumewe.

Nyama ile hawakuila. Nyama ya mla watu hailiwi. Walilisogeza figa la Kishingo kando, wakaichoma palepale pamoja na manyoya yake na kamba yake, na moshi ukawa mzito hata Bi Kidawa akaja kuchungulia juu ya uzio.

"Siwema, unachoma nini?"

"Mgeni."

Bi Kidawa akatazama beseni, akatazama moto, akasema ana dengu jikoni zinaungua, akaenda zake.

Siwema akazoa jivu, akaenda akalimwaga ukingoni mwa matete. "Ndugu yenu huyu," akasema. "Amerudi." Matete yakatikisika bila upepo.

Basi jua likazama. Jioni ya tatu. Lango limefungwa, watoto wamekaa wamebanana, Kibwana ameshika shoka ambalo halikunolewa tangu masika. Bwana Madoa akapanda juu ya paa la ghala.

"Nani yupo? Nani yupo?"

Kimya. Nje ya uzio majani yakalala, kama yamekanyagwa.

"Nani yupo? Nani yupo?"

Kimya. Uzio ukalia upande wa mashariki, ukalia upande wa magharibi. Vidole vikaingia kwenye matundu, vingi, Mosi akahesabu mpaka thelathini akaacha.

Siwema akapiga magoti mbele ya Kishingo. Hakumbembeleza, hakuwa na nguvu za kubembeleza. Akamwambia kama anavyowaambia wanawe. "Wewe si yule. Sitaki uwe yule. Lakini ukiitwa katika nyumba hii, uitike."

Bwana Madoa akaita mara ya tatu, kwa ile sauti ya chini.

"Nani yupo?"

Kishingo akanyoosha shingo yake tupu mpaka ikawa ndefu kama mwiko. Mdomo ukafunguka. Ikatoka sauti mbaya, sauti ya mlango wa ghala, sauti ambayo haikufanana na ya Bibi Madoa hata kidogo.

"Nipo."

Vidole vikatulia.

"Nani yupo?"

"Nipo. Nipo. Nipo mimi."

Vidole vikatoka kwenye uzio kimoja kimoja. Majani yakainuka. Hatua nzito zikaondoka kuelekea matetani, na kuanzia jioni ile hakuna aliyezisikia tena Mtopeni.

Bwana Madoa hakushuka kumshukuru Kishingo. Ndege hana shukrani za namna hiyo. Lakini siku tatu za kufungwa zilipokwisha, Siwema alipofungua kamba, Kishingo akaruka juu ya ghala, na Bwana Madoa akasogea pembeni, kiasi cha nafasi ya ndege mmoja.

Lakini hiyo ni baadaye. Jioni ile Siwema alinawa mikono mara mbili, akasonga ugali, akapakua na kisamvu.

"Leo hakuna nyama?" akauliza Kibwana.

Siwema akamtazama. Kibwana akasema kisamvu ni kizuri sana kwa afya.

"Mosi."

"Nipo, mama."

"Mwaka."

"Nipo."

"Chiriku."

"Nipo, mama, na Bwana Madoa yupo, amekula mtama, nimemwona, na Kishingo yupo, na mimi nina njaa kuliko wote, na..."

"Inatosha. Baba Mosi."

"Nipo, mke wangu."

Wote walikuwepo. Wakanawa, wakala.

Hadithi yangu nimeipakua yote, chungu kimebaki kitupu. Mliyoyasikia ni haya: ukifiwa na mwenzako, mpokee anayekuja na sauti yake mwenyewe, hata kama ni mbaya. Na akija mtu na kile kile ulichopoteza, hakikupungua hata doa, mpe maji kwanza, umtazame anavyokunywa.